Dhoruba Mbili Zapishana

Piedra Seca, New Mexico
6 Machi 2006

Mdogo wangu Onni,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi karibu na jiko, kahawa mkononi na miguu mikavu. Mimi sijambo. Magoti yananisumbua asubuhi, lakini yakishapata jua yanatulia. Mti wa aprikoti wa jirani yangu Eufemia umechanua mapema, naye anautazama kila saa kama mtoto mwenye homa, akihofu baridi isije ikarudi na kuunguza maua. Bado ananiletea chakula kana kwamba mazishi ya Lyle yalikuwa jana. Nimemwambia, "Eufemia, mimi ni mtu mmoja." Akanijibu, "Basi kula pole pole."

Jumamosi nilioka pulla, ile mikate yetu mitamu. Nilitwanga iliki kwenye kile kinu kidogo cha shaba cha mama, na harufu ilipojaa jikoni nikasahau, nikaweka vikombe viwili mezani. Kile cha pili nilikijaza pia. Nilikunywa vyote viwili.

Sasa nikwambie kilichonikalisha kuandika. Mshtarii imebadilika. Unajua Lyle wangu alikuwa akiitazama sayari ile kila mwaka tangu tuhamie huku, na unajua tulivyofanya kazi yetu: yeye juu ya ngazi, jicho kwenye darubini yake kubwa, anaita anachokiona; mimi chini kwenye kiti, ubao magotini na taa nyekundu, nachora anachokiita. "Mkanda mpana, kahawia, umekatika upande wa kushoto!" "Nimesikia, usipige kelele, mbwa wataamka." Hivyo kwa miaka yote.

Kule kuna dhoruba kubwa nyekundu, yenye umri mrefu kuliko babu wa babu yetu, pana kuliko dunia nzima. Karibu yake kuna nyingine, ndogo, ambayo siku zote imekuwa nyeupe. Mwaka huu ile ndogo imeanza kuwa nyekundu. Hakuna ajuaye kwa nini. Na mwanzoni mwa Julai zitapishana, karibu karibu kama watu wawili kwenye mlango mmoja. Wengine wanasema kubwa itaimeza ndogo. Wengine wanasema zitapita salama.

Lyle angelikuwapo asingelala.

Mimi ngazi siiwezi tena. Eufemia alijaribu kunisaidia alfajiri moja kabla ya misa. Alipanda, akatazama, akasema, "Naona tamale limefunguliwa," yaani kile chakula chao cha mahindi kinachofungwa kwa maganda. Nilichora alichoniitia na nimekutumia mchoro ndani ya bahasha, usinicheke. Shule ya sekondari ya mjini imeniomba darubini. Nimewajibu kwamba nisipopata mtu wa kupanda ngazi, wataichukua mwisho wa Julai. Gari lao la kuichukulia wameshaliandaa.

Wewe una miguu ya mbuzi na macho ya mvuvi. Njoo Juni, ukae hadi zipishane. Sikuulizi kuhusu Oktoba, kwa nini hukuja kuzika, wala kuhusu ile siku ya Shukrani ulipoinuka mezani kabla ya pai. Nakuomba upande ngazi tu.

Dada yako,
Aune


Ziwa Ahola, Minnesota
2 Aprili 2006

Dada Aune,

Barua yako ilifika. Nimechelewa kujibu kwa sababu wino uliganda kwenye kalamu. Mimi mzima. Nilikohoa kidogo Machi, sasa nimepona. Ukipata nafasi ninunulie birika la kahawa huko, lile la bluu la zamani limepotea. Kanisani walifanya chakula cha samaki, Mchungaji akala sahani tatu halafu akahubiri kuhusu kiasi.

Lile gari bovu tunaloliweka juu ya barafu kila mwaka, tukibahatisha tarehe litakayozama, limeshazama. Mimi nilikuwa nimeandika tarehe mosi Mei, kama kawaida, kama baba. Limezama Machi, tena mchana kweupe, watu wakinywa supu ufukweni. Ile nyama ya paja aliyoitoa mwenye duka kwa mshindi imechukuliwa na mke wa postamasta, ambaye hata samaki hali. Usianze maneno yako. Waliliweka karibu na mdomo wa kijito, mahali pabaya. Mtu yeyote angejua.

Kuhusu Mshtarii. Redioni nimemsikia bwana mmoja, msomi, akisema sayari ile nayo inapata joto. Umesikia? Mshtarii! Ambako hakuna lori hata moja. Hakuna kiwanda, hakuna Onni na gari lake kuukuu. Sasa shemeji angesema nini, aliyeniambia mbele ya watu, nikiwa na bata mzinga mdomoni, kwamba ni moshi wetu unaopasha dunia? Moshi wa nani uko Mshtarii? Nijibu hilo.

Halafu mchoro wako. Nimeutazama pamoja na picha ya gazetini. Kwenye picha, doa dogo liko chini ya kubwa. Wewe umelichora juu. Dada yangu, nyie watu hamjakubaliana hata juu ni wapi na chini ni wapi, mtajuaje joto linatoka wapi?

Kuja siwezi. Kuna kazi nyingi.

Onni


Piedra Seca
23 Aprili 2006

Mdogo wangu mbishi,

Nimecheka mpaka Eufemia akaja kuchungulia dirishani. Asante. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu vuli.

Habari za huku ni njema. Maua ya aprikoti yamenusurika, yote, na Eufemia amemwekea mshumaa kila mtakatifu anayemjua, hata wa mifugo. Nimepaka rangi kibanda cha darubini. Birika nimekununulia, ni la bluu, linafanana na lile. Lakini sitalituma kwa posta. Lipo hapa kwenye rafu, linakungoja.

Kwanza, mchoro. Uko sawa. Darubini ya aina ile ina kioo kinachogeuza kila kitu: juu huwa chini, kushoto huwa kulia. Sisi tunachora tunavyoona, hatugeuzi. Kusini inakaa juu. Picha za gazetini wanazigeuza ili watu kama wewe wasipate kizunguzungu. Umeutundika ukutani? Basi usiuguse, uko vizuri.

Pili, lori za Mshtarii. Mimi sikusoma sana, unajua, nilitoka shuleni nikaenda kuosha vyombo hospitalini. Lakini nimeuliza na nimesoma, nikakaa na jambo hili siku kadhaa huku nikikoroga uji wa shayiri, na uji ndio ulionifungua akili. Wataalamu fulani wanadhani (wanadhani, Onni, wenyewe bado wanabishana) kwamba zamani kule kulikuwa na dhoruba nyeupe tatu, na hizo ndizo zilizokuwa zikikoroga sayari, zikichota joto la katikati na kulipeleka kusini. Sasa zimeungana zikawa moja, hiyo ndogo yetu. Miko imepungua. Uji usiokorogwa unaungua chini na juu unabaki baridi, na moto ni ule ule. Hakuna aliyeongeza kuni. Basi wanasema huenda sehemu moja ya Mshtarii ikapata joto na nyingine ikapoa.

Huku kwetu ni sufuria nyingine. Huku tumeweka mfuniko wa moshi. Ukiniambia uji wa jirani umeungua kwa sababu hakuukoroga, hiyo si dawa ya wangu unaofurika kwa sababu nimeufunika. Na lingekuwa jua ndilo limezidi, wanaolipima wangeona, nao hawajaona.

Lyle angelieleza vizuri zaidi, lakini angekuwa na sauti ile. Unaijua.

Gazeti la kwenu bado linanifikia, japo kwa kuchelewa. La wiki ya pili ya Machi lilifika juzi. Lina picha nzuri za ziwa.

Na kibanda chako cha kuvulia, kinaendeleaje? Umekitoa barafuni salama?

Aune


Ziwa Ahola
21 Mei 2006

Dada,

Nimekuwa na kazi. Mashua ilihitaji lami, paa la sauna lilihitaji mbao, na paka wa jirani amezalia ndani ya buti langu. Watoto watano. Nimevaa kandambili wiki mbili.

Uji wako nimeusoma mara mbili. Nimeupeleka mkahawani nikawasomea wazee. Mmoja akasema una akili. Mwingine akauliza kama uji ule uliwekwa siagi. Mimi nilisema kwamba kwa hesabu hiyo kila sufuria itakuwa na hadithi yake, na nyie mna jibu kwa kila kitu, kama wauza magari. Halafu nikanunua kahawa nikatoka.

Samaki wanapatikana.

Mchoro upo ukutani. Sijaugeuza.

Umeniuliza tena kwenye ile kadi yako kama ninakuja. Ngazi ile ni ya shemeji. Asingetaka mimi niipande. Tuliachana vibaya, na mtu akishakufa huwezi kurudi mezani kumalizia pai. Wape shule darubini, wao ni vijana, wana magoti.

Onni


Piedra Seca
3 Juni 2006

Mdogo wangu Onni,

Leo sitaanza na hali ya hewa wala na Eufemia, ingawa anakusalimu na anataka kujua kama mtu asiye na mke anajua kumenya pilipili.

Kuna kitu sikukuambia, kwa sababu nilitaka nikuambie ukiwa hapa, umesimama mahali penyewe. Lakini unanilazimisha.

Zile dhoruba nyeupe tatu zilianza kuonekana karibu na mwaka uliozaliwa wewe. Hilo Lyle alilisoma, akalipenda. Zilikaa hivyo miaka yote tuliyokuwa tukizitazama. Kisha mbili zikaungana, na miaka miwili baadaye hiyo moja ikamalizia na ya tatu. Nakumbuka jioni hiyo. Lyle alikuwa juu ya ngazi na sweta yenye shimo kiwikoni. Akasema, "Aune, imebaki moja. Imekula wenzake wote na bado ina njaa." Mimi nikasema, "Kama Onni na mikate ya samaki ya mama." Akacheka mpaka ngazi ikatikisika. Tangu hapo dhoruba ile jina lake ni Onni. Ninayo michoro mingi, na pembeni ya kila mmoja nimeandika hivyo.

Baada ya ile siku ya Shukrani, mezani kwetu jina lako halikutajwa. Sikufichi. Lyle alikuwa mbishi kama wewe, ndiyo maana mlitoshana. Lakini kila majira Mshtarii ilipoonekana, alipanda ngazi, na kitu cha kwanza alichotafuta hakikuwa ile kubwa nyekundu wanayoitafuta wote. Alizungusha darubini, kisha akaita: "Onni yupo. Mzima. Amenenepa kidogo." Nami niliandika. Kiangazi kilichopita, mara ya mwisho alipopanda, alisema, "Onni anaendelea vizuri. Mwandikie." Nikamjibu, "Mwandikie wewe, una mikono." Akasema ataandika ikifika baridi.

Baridi hakuifikia.

Kwa hiyo usiniambie ngazi ile si yako. Ni wewe uliyekuwa ukitazamwa kutoka juu yake.

Sasa umekuwa mwekundu, kama unavyokuwa ukibishana. Na Mzee mwenyewe, ile kubwa nyekundu, anakukaribia. Nataka kujua utamezwa au utapita, na sitaki kusomewa na gazeti. Ukishindwa kabisa kuja, sema, nami nitawaambia shule walete gari.

Dada yako,
Aune

Nimekuwekea ndani ya bahasha kipande cha gazeti lile la Machi, lenye picha za ziwa. Nimekikata vizuri kwa mkasi. Paa la kijani linajitokeza juu ya maji. Ile ni rangi iliyobaki mlango wa jikoni wa mama ulipopakwa, ningeijua popote.


Ziwa Ahola
14 Juni 2006

Dada,

Nakuja kwa treni. Ndege sipandi, mtu akikasirika angani hana pa kutokea. Nitafika tarehe ishirini na saba.

Naleta samaki wa moshi na kahawa ya kweli. Waambie shule wangoje.

Sijakubali chochote.

Onni


Piedra Seca
23 Julai 2006

Mdogo wangu,

Natumaini treni ilikufikisha salama na yule mama wa Kansas hakukuonyesha tena picha za wajukuu. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Umesahau soksi moja, kijivu, nyuma ya sofa. Eufemia anasema mtu huacha kitu mahali anapotaka kurudi. Mimi nimemwambia wewe huacha soksi kila mahali tangu ukiwa na miaka minne.

Nakuandikia yale ambayo unadhani unayajua. Wewe ulikuwa juu ya ngazi, hukuona yaliyotokea chini.

Jioni zile za kwanza ulinitia wasiwasi. Ulipanda ngazi ukiwa umekunja ndita, ukatazama kidogo, ukasema, "Ukungu tu. Watu mnakaa nje mnaumwa na mbu kwa ajili ya ukungu?"

"Tulia," nikakuambia. "Hewa ikitulia itajitokeza."

"Lini?"

"Huwa unamuuliza samaki lini?"

Ukarudisha jicho kwenye darubini. Ulikaa hivyo kama unavyokaa kwenye tundu la barafu la kuvulia. Jioni ya pili madoa yalikuwa upande wa nyuma, hatukuona kitu. Ile ya tatu yalikuwa mawingu. Halafu ikaja ile jioni ya fataki za siku ya uhuru, mji mzima ukinuka baruti, Eufemia akienda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wazime taa za barazani kwa sababu shemeji wa marehemu anatazama sayari. Walizima. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama, na Mshtarii ilikuwa tayari juu ya tangi la maji.

Uliniita kwa sauti ya chini: "Dada."

"Nini?"

"Zipo mbili."

Penseli ikaniponyoka. Hilo hukuliona. Eufemia aliiokota akanipa.

"Ndogo iko wapi?" nikauliza.

"Juu ya kubwa. Karibu kugusana."

"Juu ndiyo kusini."

"Wazimu mtupu. Inaelekea kulia. Hapana, kushoto. Ngoja. Kulia yangu au kulia yake?"

"Ita unachokiona, mimi nitachora. Usigeuze kitu."

"Ile kubwa imekatwa kidogo pembeni, mkanda umejikunja kama pazia. Ndogo ni nyekundu kweli. Si damu, nyekundu ya matofali. Ina ukingo." Hapo ukashika ngazi kwa mikono miwili. Nilidhani umechoka. Kisha ukasema, jicho bado likiwa kwenye darubini, kana kwamba unaendelea kuniitia sayari: "Kibanda kilizama."

Nikasema, "Najua."

"Najua kwamba unajua. Nakwambia tu. Kilikuwa palepale baba alipokuwa akiweka chake. Palepale, Aune. Pale pamebeba kibanda cha baba mpaka Aprili kila mwaka. Nilikuwa ndani nachemsha kahawa, nikasikia sakafu inapumua. Nilitoka na buti moja."

"Na birika?"

"Birika lilikaa na kibanda."

Eufemia, ambaye katika lugha yetu ya nyumbani hakuelewa kitu ila birika, akasema, "Mwambie ashuke, supu ya posole inapoa." Wewe ukajibu, "Mwambie posole ingoje, Onni anapita." Umesikia ulivyosema? Hukusema dhoruba. Ulisema Onni.

Nilipokuwa nachora nilikuwa nalia, lakini kwa namna ya kupendeza, kama mtu anayemenya vitunguu kwa ajili ya sherehe. Ulipoita, "Bado yupo, mzima," sikuweza kuandika. Lile neno la mwisho kwenye mchoro ni mwandiko wa Eufemia.

Na siku zile nyingine ulizobaki, ukipanda hata kabla sijamaliza kuosha sahani, ukiniita kwamba nachelewa, mimi niliziweka kando moja moja, kama unavyoweka mikate mizuri kwenye kitambaa. Dhoruba zilipishana, ukaona mwenyewe. Mzee alibaki alivyo, Onni akabaki alivyo, kila mmoja akashika njia yake.

Nimeongea na shule. Darubini haitoki hapa. Nimewaambia wakitaka Mshtarii waje wenyewe, kila Ijumaa, waje na mtu mwenye magoti. Mwalimu wao wa hesabu amekubali. Ni bwana mnene kidogo na ngazi inamlalamikia, lakini anaita vizuri. Gari lao wamelipa kazi nyingine, sasa wanabebea magitaa ya bendi.

Juni ijayo nafasi yako ipo. Watakutunzia.

Kwenye suala la moshi na mfuniko hukusema lolote wakati wote huo, nami sikukuuliza. Ulikula pai, vipande viwili, ukakaa mpaka mwisho. Inanitosha.

Soksi naifua.

Aune


Ziwa Ahola
3 Desemba 2006

Dada Aune,

Huku theluji imeanguka, lakini ziwa bado halijashika vizuri, katikati kuna maji. Mimi mzima. Paka wale watano nimewagawa, isipokuwa mmoja aliyekataa kugawiwa. Birika linafanya kazi vizuri. Asante kwa soksi. Ulikuwa huna haja ya kuitia pasi.

Mchoro ule wa Julai nimeutundika mkahawani, karibu na mlango. Sasa kila anayeingia anataka kuugeuza. Wanadhani umetundikwa kichwa chini. Mimi nakaa pale na kahawa yangu, nasubiri mtu anyooshe mkono, halafu nasema, "Acha. Kusini iko juu." Wananikodolea macho. Nawaambia ni mpaka uione mwenyewe. Postamasta amenipa jina la Profesa. Nimemwambia mimi si profesa, mimi ni ile ndogo, pale, nyekundu.

Kuna bwana mmoja aliingia wiki iliyopita, mgeni, akaanza hadithi ile ya redio, kwamba hata Mshtarii inapata joto na hakuna lori. Wazee wote wakanigeukia. Nilijua walikuwa wanangoja nimuunge mkono. Nikamuuliza kama amewahi kupika uji. Akasema hapana. Nikamwambia basi aanze na hapo.

Usiandike tena barua ndefu kuhusu jambo hilo. Ilinitoka tu.

Nimejenga kibanda kipya. Kijani ile ile, nilipata kopo lenye rangi kidogo chini ya ngazi za ghala, ikatosha mlango na paa upande mmoja. Nimekiwekea miti ya kuteleza chini ili kikokotwe haraka. Na sitakiweka pale pa baba. Nimekwenda kusimama pale nikamweleza. Nadhani angeelewa. Yeye mwenyewe hakupenda kulowa.

Kila nikitazama juu usiku siioni, najua imefichwa na jua msimu huu. Lakini huwa natazama. Shemeji angesema Onni yupo, mzima. Mwambie, kama bado unaongea naye jikoni, kwamba pai ilikuwa nzuri, na kwamba, kama yeye, nilikusudia kuandika ikifika baridi. Basi baridi imefika, nimeandika.

Kuhusu gari la barafuni. Jumapili walipitisha karatasi za kubahatisha tarehe baada ya ibada. Miaka yote baba aliandika tarehe mosi Mei, nami nikaandika tarehe mosi Mei. Mwaka huu nilikaa na kalamu mpaka mke wa postamasta akauliza kama nimeshikwa na kiharusi. Nikaandika tarehe kumi na tisa Machi.

Haimaanishi kwamba nimekubali chochote. Naitaka ile nyama tu.

Mdogo wako,
Onni